Nusu ya Jina la Kivulini

Sogezeni viti hadi hapa kitandani, Garfield na Merlene, wanangu wawili niliojaliwa, na wewe Merlene ukizime hicho kidude kinacholia kila nikivuta pumzi, maana nimepiga dramu miaka hamsini na tatu na sitaki kuiaga dunia nikisindikizwa na mwenzangu asiyejua kushika mapigo. Muuguzi amesema nipumzike. Nimemjibu kwamba nitapumzika, asiwe na wasiwasi, nina mapumziko marefu yananisubiri. Lakini leo ni Alhamisi, saa tisa alasiri, na nina maneno ambayo nikiyaweka hadi kesho huenda nikaondoka nayo. Basi sikilizeni, tena msinikatize, isipokuwa mkiona nimesinzia katikati ya sentensi, hapo nitikiseni.

Mimi Lucius Tolliver, mwana wa Amos Tolliver aliyetoka Georgia kuja kuvuna tumbaku katika bonde hili la Connecticut, nasema haya nikiwa na akili zangu timamu. Bi Pelletier, mthibitishaji wa hati aliyeko huko chini, alitaka nilitamke hilo kwanza, kisha akaniuliza leo ni siku gani na rais ni nani. Siku nilimtajia. La rais nilimwambia kwamba kumjua si ushahidi wa utimamu wa mtu yeyote, naye akaandika "timamu" akagonga mhuri.

Nyumba hii ya Garden Street ni yenu nyote wawili sawasawa, pamoja na paa lake linalovuja upande wa bafu, ambalo nimeliziba mara tisa na ambalo sasa nawakabidhi kwa moyo mkunjufu. Dramu ni za Merlene. Si kwa upendeleo, Garfield. Ni kwa sababu majira mawili ya joto yaliyopita mikono yangu iliponikataa, yeye ndiye aliyekaa nyuma yangu akapiga pale nilipoishia, na watu elfu moja uwanjani hawakujua mkono upi ni wa baba na upi ni wa binti. Wewe utachukua gari, vitabu vyangu vyote, na kofia ya babu yako Amos, ambayo haimtoshi mtu mwingine katika ukoo huu kwa ukubwa wa kichwa.

Kilichobaki ni kitu kimoja kisichoshikika wala kupimika, na ndicho kilichowafanya msile meza moja tangu Pasaka: nusu yangu ya jina la bendi yetu, Kivulini. Garfield, najua ulikwenda kwa wakili. Usimtazame dada yako, hakuniambia yeye. Wakili mwenyewe alipiga simu hapa kuuliza kama bado nipo. Umesema siku nitakapokufa utaweka zuio mahakamani ili mjomba wako Ansel asipande jukwaani kwa jina lile tena, si Jumamosi hii bustanini Keney wala siku nyingine yoyote, na kwamba kama jina ni lazima life, na life. Mimi nataka nusu yangu iende kwa Ansel, jina liwe zima mikononi mwa mtu mmoja, na bendi ipige. Bi Pelletier anasema kisheria sihitaji ridhaa yenu, ila mkinipinga kesi itachukua miaka minne, na Ansel ana miaka sabini na saba na magoti mabovu. Basi ipo karatasi hapo mezani ya kusema hamtapinga. Sheria haiihitaji. Mimi naihitaji. Lakini kabla hamjaishika kalamu lazima mjue ni kitu gani hasa ninachokigawa, halafu lazima mjue jambo moja ambalo nimewaficha.

Nianze na gramafoni ya babu yenu mzaa mama, Mzee Uriah Pinnock, kwa kuwa bila gramafoni ile kusingekuwa na Kivulini, na huenda nisingemwoa mama yenu. Mzee Uriah alikuja kutoka Clarendon, Jamaika, kuchuma tumbaku, na yeye na baba yangu wakainamisha migongo yao chini ya yale mashashi meupe yanayotandazwa juu ya mashamba ili jani lisiungue kwa jua. Ndiyo maana tukajiita Kivulini, ingawa baba alisema mtu aliyepaita mahali pale kivuli hajawahi kufanya kazi pale mwezi wa Julai. Wenzake walikuja na masanduku ya nguo. Yeye alikuja na gramafoni, ameizungushia blanketi mbili kama mtoto mchanga, na santuri sitini za reggae akatumiwa na ndugu zake kwa posta baadaye. Kila Jumapili baada ya kanisa aliiweka mezani sebuleni, nasi vijana tukakaa sakafuni: mimi, Ansel mwanawe, Wendell na gitaa lake la besi la kuazima, na Chago Rosario, Mpuerto Riko wa Park Street, aliyekuja kwa ajili ya kinanda akabaki kwa ajili ya mchuzi wa mbuzi. Mama yenu Icilda alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akitucheka.

Tulizisoma santuri zile pigo kwa pigo, miaka miwili. Ansel alipanda na sauti hadi mishipa ya shingo ikamsimama, kwa sababu waimbaji wa kwenye santuri walikuwa wakiimba juu mno, tena mbiombio, nasi tukaamini kwamba Wajamaika wa siku hizi ndivyo wanavyoimba. Hata Mzee Uriah alitikisa kichwa akasema muziki wa nyumbani umebadilika sana tangu aondoke.

Mwaka 1974 ikaja bendi kutoka Kingston yenyewe, na klabu ya Wajamaika ikatupa nafasi ya kuwatangulia, alasiri ya sikukuu. Tukapiga. Tulipiga kama watu walioiba kitu. Tuliposhuka, mpiga besi wao, jibaba la miraba minne, alituita pembeni kwa upole sana.

"Vijana, nani anawafukuza?"

"Hakuna, mzee," nikamjibu.

"Hakuna? Basi mbona mnakimbia? Na wewe mwimbaji, nani kakubana mlangoni?"

Bendi nzima ikacheka hadi mmoja akamwaga supu. Kisha wakapanda wao, wakaanza wimbo uleule tuliokuwa tumeumaliza, na wanangu, nilidhani wameugua. Ulikuwa unatembea. Ulikuwa chini, mzito, unatembea kama mtu anayetoka kula. Nikamtazama Ansel, naye alikuwa ameshika ukuta.

Kesho yake akaja fundi wa majokofu, jirani wa akina Pinnock, akaigeuza gramafoni chini juu. Akasoma kibandiko, akaanza kucheka peke yake. "Mzee Pinnock," akasema, "umeme wa Jamaika na umeme wa Marekani haupumui kwa kasi moja. Kule mapigo hamsini kwa sekunde, huku sitini. Mota hii inafuata umeme. Kila santuri uliyowasikilizisha hawa watoto ilikuwa inakimbia." Miaka miwili! Ansel alikuwa amejifunza kuimba sauti ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiimba, na mimi nilikuwa nimejifunza kasi iliyotengenezwa na shirika la umeme. Mzee Uriah akasema, "Kumbe ndiyo maana nilikuwa nachoka hivi nikicheza."

Tungeacha pale. Ansel alitaka kuacha. Lakini siku ileile mwenyekiti wa klabu, Bi Hyacinth, aliyekuwa akifua mashuka hospitalini siku sita kwa wiki, alikuja hadi sebuleni na mkoba wake kwapani. "Nyie," akasema, "wale wa Kingston ni mabingwa, sikatai. Lakini nyie ndio mmenitoa jasho. Mwezi ujao mje tena, na ole wenu mpunguze mwendo." Hivyo ndivyo kosa letu lilivyokuwa kazi yetu. Watu waliofanya kazi mchana kutwa kwa mwendo wa mashine za hapa walitaka muziki wa kwao uliozoea mwendo wa hapa, nasi tulikuwa nao, tumeupata kwa bahati mbaya.

Na tulifika mbali, wanangu. Mnaona picha ukutani mkadhani ni mapambo. Tulikuwa Wamarekani tukipiga reggae wakati redio hazijui zituweke wapi. Duka moja huko Springfield lilitupanga kwenye rafu moja na gitaa za Hawaii na nyimbo za mabaharia, na tukauza kuliko mabaharia wote. Tulipiga Vermont, ambako wanafunzi walicheza kama watu wanaozima moto kwa miguu, na wakatulipia chakula siku tatu. Tulipiga Texas, kwa wachunga ng'ombe waliotusikiliza wimbo mzima bila kutikisika, tukadhani tutapigwa, kisha mmoja akavua kofia akasema, "Haya, huo tena." Tukaupiga mara nne. Na mwaka 1979 tukaalikwa Kingston, tukapiga uwanjani jua likiwaka, na yule jibaba wa besi alikuwepo mbele kabisa, na tulipomaliza alipanda jukwaani akanikumbatia mimi na kiti changu. Akaniambia sikioni, "Bado mnakimbia. Lakini sasa naona mnakokwenda." Nimeitwa majina mengi, nimepewa vyeti, lakini hicho ndicho cheti.

Mjomba wenu alirudi kutoka safari ile na wazo, na wazo lile lilikaa tumboni mwake miaka saba kabla ya kutoka. Alitaka tupunguze mwendo. Alisema amechoka kuwa kichekesho cha mota, anataka kuimba kwa sauti aliyozaliwa nayo kabla haijamwisha. Alikuwa na haki, nasema leo. Siku ile nilimwambia kasi yetu ndiyo sisi, na asiyeiweza ashuke. Tulikuwa ndani ya gari, tumetoka Toledo, tukabishana juu ya mwendo wa wimbo mmoja kutoka Toledo hadi Erie, saa tatu na zaidi barabarani, na tulipofika Erie Ansel akashuka kweli, kituo cha mafuta, na kipaza sauti chake mkononi na begi la nguo chafu. Nguo zilikuwa zangu. Nimezipata miaka thelathini baadaye, zimefuliwa.

Hapo ndipo serikali ilipoingia. Mimi nilikwenda ofisi ya majina ya biashara hapa Hartford, yeye akaenda ya California alikohamia, na kila mmoja wetu akapewa cheti halali chenye mhuri kinachosema yeye ndiye Kivulini. Karani wa hapa, kijana mpole mwenye tai fupi, aliniambia, "Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, bwana, wewe ndiwe bendi." Nikamuuliza, yote? Akaangalia tena. "Yote." Kisha, kwa kuwa fomu haikuwa na kisanduku cha reggae, na jina lilimkumbusha mambo ya majani, akatuandika chini ya bustani na miche. Miaka sita nilialikwa kila masika kwenye maonyesho ya wakulima wa maua. Mwaka mmoja nilikwenda. Walikuwa watu wazuri.

Basi pakawa na Kivulini mbili, moja mbio pwani hii, moja polepole pwani ile, na kila moja ikiwaambia watu nyingine ni ya uongo. Kisha mama yenu akaugua. Garfield ulikuwa na miaka kumi na minne, Merlene tisa. Mnakumbuka mazishi yale ya mwezi wa Machi, mnakumbuka benchi la mbele lilivyokuwa na nafasi tupu upande wa ndugu zake, na mnakumbuka niliyowaambia jioni ile mliponiuliza mjomba yuko wapi. Niliwaambia hakuja. Niliwaambia ana onyesho. Garfield, wewe hukulia. Ulikwenda chumbani ukang'oa picha yake ukutani, na alama ya gundi ipo hadi leo.

Nitairudia siku hiyo. Kwanza nipeni maji. Kidogo tu. Inatosha.

Mwaka 2016 Halmashauri ya Jiji iliamua kututangazia siku yetu. Sijui nani alilala akaota. Ofisa mmoja alimwandikia "Mkurugenzi wa Kivulini" katika anwani zote mbili alizozikuta, akapata majibu mawili ya kukubali, akayafunga pamoja kwenye jalada moja bila kuyasoma, na kwa uzembe huo mtakatifu akafanya kazi ambayo wachungaji watatu na Chago Rosario walikuwa wameshindwa. Garfield, ulinipeleka Keney kwa gari, nakushukuru, ukapandisha vioo ukabaki humo humo mwezi wa Julai na kizibao chako. Kwa hiyo hukuona, na nataka uone leo, hata kama ni kwa mdomo wangu.

Watu walijaa kutoka jukwaani hadi bwawani. Akina mama wa klabu walikuja na viti vyao vya kukunja na miavuli, na harufu ya mbuzi na bizari ilikuwa nzito hata ungeweza kuikalia. Diwani akasoma tamko refu lililotuita "bendi mashuhuri ya kalipso" na kunitaja mimi kuwa marehemu. Niliinuka nikasahihisha. Kisha Ansel akapanda kutoka upande wa pili, mvi tupu, anapanda goti moja moja, na hatukushikana mikono, maana kila mmoja wetu alikuwa na siri.

Siri yangu ni hii. Miezi mitatu nilikuwa nimejifunza kupiga polepole. Nilikuwa nimeamua, bila kumwambia mtu, kwamba siku ile nitampa mwendo alioutaka siku ile ya Erie. Nikainua vijiti, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, kwa utulivu kama mtu anayepima dawa; na papo hapo Ansel akaingia mbio, juu kabisa, ile sauti ya gramafoni! Naye alikuwa amejifunza miezi mitatu kunipa mwendo wangu. Wendell na besi yake akabaki katikati kama mtu aliyeshikwa mikono na watoto wawili wanaovutana. Tukaporomoka wote. Ansel akageuka, kipaza sauti kiko wazi.

"Shem, unafanya nini?"

"Napiga mwendo wako."

"Nani alikutuma? Miezi mitatu daktari wa mapafu ananigombeza kwa ajili ya mwendo *wako*!"

"Sasa ungesema!"

"Ningesemaje, wakati nilikuwa sijasema na wewe miaka thelathini?"

Watu wakaanza kucheka, kwanza mbele, halafu kicheko kikasambaa kama mvua hadi nyuma. Bi Hyacinth, ana miaka tisini na moja, akasimama kwenye kiti chake cha kukunja akiwa ameshikwa na wajukuu wawili, akapaza sauti: "Nyie wazee, mkimaliza kuposana mtupigie muziki!" Akaanza kupiga makofi. Si mwendo wangu. Si wa Ansel. Wake mwenyewe. Akina mama wakamfuata, kisha wauza vinywaji, kisha polisi wa farasi, kisha bustani nzima, watu elfu tano wanatushikia mapigo, nasi tuliogombania mapigo miaka thelathini hatukuwa na la kufanya ila kuingia. Chago aliingia kwanza, analia. Wendell akafuata. Nami nikaingia, na Ansel akaimba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, si ya juu ya gramafoni wala ya chini ya Kingston, sauti ya mtu mzima aliyefika nyumbani. Tulipiga saa tatu. Halmashauri ilikuwa imetupa kibali cha dakika arobaini, na yule ofisa alisimama kando ya jukwaa ameshika karatasi yake, mguu wake unacheza na yeye hana habari.

Majira tisa ya joto tumepiga tangu siku ile, na vyeti viwili tukaviunganisha kuwa kimoja, nusu yake, nusu yangu. Hicho ndicho ninachokigawa, Garfield. Hicho ndicho unachotaka kukifungia kwenye kabati la mahakama.

Na sasa nitasema nililowaficha, na Merlene, shika mkono wangu.

Ansel alikuja.

Alikuja kumzika dada yake. Alitua asubuhi ile, akaja moja kwa moja kanisani, mlango wa pembeni, amevaa koti la njano la jukwaani maana hakuwa na lingine, na aliyemkuta mlangoni ni mimi. Tena mjue yote. Mama yenu alikuwa ametaka aitwe wiki tatu kabla. Aliniambia, "Lucius, mpigie kaka yangu," nami nikasema nimempigia. Sikumpigia. Ansel alipata habari kwa Chago, amechelewa. Akaniambia pale mlangoni, "Niruhusu nimwone dakika moja tu, shem, sitasema neno." Nikamwambia, "Ukiingia wewe, natoka mimi, na watoto wangu natoka nao. Chagua." Akachungulia kwenye ufa wa mlango, akawaona nyinyi wawili kwenye benchi la mbele, Garfield na tai niliyokufunga vibaya. Akarudi nyuma. Alisimama ng'ambo ya barabara hadi jeneza likapita. Merlene, yule mtu wa koti la njano uliyeniuliza ndani ya gari ni nani, nikakwambia mpita njia. Alikuwa mjomba wako.

Miaka ishirini na miwili aliibeba lawama ile asiseme. Kadi alizokuwa akiwatumia, Garfield, ulizirudisha bila kuzifungua, naye akaendelea kutuma. Tulipopatana nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuwaambia. Akasema, "Watoto walikuwa wameshapoteza mama. Ningewapotezea na baba?" Nami hata baada ya kuambiwa hivyo sikufungua mdomo miaka tisa mingine, kwa sababu nilizoea kula nanyi kila Jumapili, na nilipenda mlivyonitazama.

Nini, Garfield? Sema kwa sauti, masikio yangu yana dramu ndani yake. Ndiyo. Mlangoni. Mama yako akiwa ndani, ndiyo. Hapana, sikumpigia. Hapana, hakujua, alikufa akidhani kaka yake amekataa kuja. Nimelala na hilo miaka thelathini na moja, na sikuombi unipunguzie. Usimtazame dada yako, nitazame mimi. Hasira yako ilikuwa ya haki tangu siku ya kwanza, ila ulikuwa ukiipeleka kwa mtu asiyehusika, na mwenyewe nilikuwa hapa mezani, nakupitishia chumvi. Ichukue sasa, iweke panapostahili. Nikasirikie mimi. Nina siku mbili, pengine tatu, zitakutosha kuanza.

Lakini jina mwachie mjomba wako. Hatakuomba. Hajui hata kama nawaambia haya. Amekaa sebuleni na Bi Pelletier, anadhani nagawa sufuria.

Usiondoke hivyo, Garfield... Garfield!

Mwache, Merlene. Mwache. Ana miguu ya babu yake Amos, akikasirika ngazi zote zinajua. Sikiliza. Ameshuka. Sijasikia mlango wa mbele. Wewe umesikia? Shh. Anasema nini? Nirudie, maneno yananifikia vipandevipande... Amesema "mjomba"? Hakika? Amesema... "Mjomba, shika bega langu, ngazi hizi mbaya." Ee Mungu wangu. Ee Bwana.

Niinue mto. Wasinikute nimelala kama gunia.

Yaandike haya haraka, Merlene, kabla hawajafika, maana wakifika sitaweza. Mnizike kando ya Icilda, suti ya kahawia. Jumamosi mpige, saa kumi kamili, niwe nipo au sipo. Msisimame kimya kwa ajili yangu. Nyimbo tatu za kwanza zisiwe na hotuba katikati. Chago apewe kiti chenye mgongo. Wewe kwenye dramu usinitafute mimi, piga wewe. Na mwendo... mwendo mtaupata kwa watu. Wasikilizeni mikono.

Karibu, Ansel. Kaa. Kaa hapo alipokuwa amekaa Garfield. Ndiyo, nimewaambia. Yote, ndiyo, na la simu. Usiniambie sikupaswa, shem, acha mabishano, sina pumzi za kutoka Toledo hadi Erie. Garfield, kalamu iko chini ya kitabu. Weka saini kwanza, utanigombeza baadaye... mimi sitakuwa na haraka. Hapo. Na jina la katikati, Bi Pelletier atalitaka... Vizuri. Merlene, na wewe. Vizuri.

Basi njooni karibu, wote. Mungu aliyewapa mama kama yule... awape mwisho mwema kuliko mwanzo niliowapa. Awape kazi mnayoitolea jasho mkicheka. Nyumba hii isikose watu mezani. Watoto wenu wawaseme... wawaseme usoni, wasiwafiche. Ansel, nawe, afya ya magoti. Nawabariki wote watatu. Kwa mikono yote miwili nawabariki, ingawa mnaona... mmoja umekataa kuinuka.

Sasa nimechoka. Nafumba macho tu, sijaenda popote. Hapana... hapana, msinyamaze. Garfield, ulikuwa unamuuliza mjomba wako kitu, pale ngazini. Muulize. Naye akujibu. Ongeeni... nasikia vizuri. Ongeeni.